Mama ana kidonda mguuni mwaka wa tatu: tukodi mashine ya kufyonza?

Swali: Sista, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, anauza samaki wa kukaanga hapa Tanga. Ana kidonda mguu wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Kilianza alipojikwangua na mguu wa meza, na huu ni mwaka wa tatu. Kimefunga mara mbili kikarudi. Sasa kina ukubwa wa kiganja, kinatoa maji mengi, na jioni mguu unavimba. Sukari wamempima, hana. Anatumia amlodipine ya presha. Tumeweka unga wa kapsuli za rangi mbili, mrututu, asali, na kila dawa tuliyoandikiwa. Hospitali moja ya binafsi imetuambia njia iliyobaki ni mashine ya kufyonza kidonda, tuikodi mwezi mzima. Gharama ni kubwa hadi kaka anataka kuuza kiwanja. Mashine hiyo inaponya kweli? Tuuze?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kiwanja kisiuzwe kwanza.

Mashine si utapeli. Mimi mwenyewe naitumia kliniki, na wapo wagonjwa ambao bila hiyo wangelala wodini kwa miezi. Ila katika barua yako yote sikuona neno hata moja kuhusu bandeji ya kubana, wala kupimwa mtiririko wa damu mguuni, wala kukata kinyama cha kidonda kikapelekwa maabara. Kidonda cha miaka mitatu ambacho hakijafanyiwa hayo matatu hakijafika kwenye njia iliyobaki. Kwa maoni yangu hakijaanza kutibiwa.

Tuanze na mguu, mashine itafuata.

Mahali ulipopataja, ndani ya mguu juu ya kifundo, ndipo vidonda vya vena vinapopenda kukaa. Vena ni mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Ongeza miaka ya kusimama kutwa mbele ya karai la mafuta, uvimbe wa jioni, maji mengi, na kidonda kinachofunga kisha kurudi palepale. Leo mama akikaa, mwangalie vizuri kwenye mwanga. Ngozi inayozunguka kidonda ni nyeusi au ya kahawia kuliko ya mguu wa pili? Ukiibonyeza ni ngumu kama imekazwa kwenye mfupa? Inamuwasha? Kuna mishipa iliyovimba na kujipinda kwenye paja au shavu la mguu? Uvimbe unapungua akiamka asubuhi? Ukijibu ndiyo kwa mengi ya hayo, karibu nina uhakika na ninachokuambia, ingawa kipimo ndicho kitakachoamua.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akisimama bila kutembea, shinikizo la damu ndani ya vena za mguu wa chini hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Akitembea, misuli ya shavu la mguu inaikamua damu ipande, vijilango vidogo ndani ya vena vinaizuia isishuke tena, na shinikizo linaanguka hadi chini ya 30. Vijilango vikilegea, labda kwa uzazi wa mara nyingi, au damu iliyowahi kuganda, au urithi tu, damu inapanda na kurudi, inapanda na kurudi. Mama anatembea lakini shinikizo halishuki. Maji yanapenyeza kutoka kwenye mishipa midogo kwenda kwenye nyama, na chembe nyekundu za damu zinavuja pia, zikifa zinaacha madini ya chuma yanayoipaka ngozi ile rangi nyeusi. Ngozi ya namna hiyo inakosa lishe. Mkwaruzo ambao kwako ungepona ndani ya wiki moja, kwake unageuka kidonda. Kwa hiyo mguu wa meza haukuleta ugonjwa, ulifungua mlango tu.

Sasa fikiria mashine inayofyonza. Inatoa maji yaliyokwisha kuvuja. Wewe ni mtu wa Tanga, utanielewa: ni kukumba maji kwenye mtumbwi wenye ufa. Kukumba kunasaidia, na pengine ni lazima ili mfike, lakini ufa uko palepale, na siku mkirudisha mashine ya watu maji yataendelea kuingia.

Kinachoziba ufa, angalau kwa nje, ni kubana mguu. Bandeji iliyofungwa sawasawa inaweka karibu milimita 40 za zebaki pale kifundoni, kisha inapungua kadiri inavyopanda kwenda gotini. Inazirudisha kuta za vena zikaribiane, vijilango vinafunga vizuri zaidi, na shavu la mguu linapata kitu cha kusukumana nacho kila hatua. Hii ndiyo tiba kuu ya vidonda vya vena duniani kote, kwenye hospitali tajiri na maskini, na haina umeme wala betri. Nakiri haipendezi machoni: mgonjwa aliyekuja akitarajia mashine ukimwonyesha bandeji anahisi umemdharau.

Lakini usiende duka la dawa kesho ukanunua bandeji ya krepu mkaanza kumfunga. Mguu ambao ateri zake, yaani mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo, zimeziba ukiubana unaweza kuufisha. Ndiyo maana kipimo cha mishipa kinatangulia. Wanapima presha ya mkono, kisha presha ya kifundo cha mguu kwa kutumia Dopla ndogo ya mkononi, ile inayotoa sauti ya mapigo, halafu wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Mfano mkono 140, mguu 126, jibu ni 0.9. Kuanzia 0.8 kwenda juu mguu unaweza kubanwa kikamilifu. Kati ya 0.5 na 0.8 unabanwa kidogo, chini ya uangalizi wa mtu anayejua. Chini ya 0.5 haubanwi kabisa, na anayehitajika haraka ni daktari wa upasuaji wa mishipa. Jibu likizidi 1.3 nalo lisikufurahishe, maana ateri huenda zimekakamaa na kipimo kinadanganya. Hutokea sana kwa wenye kisukari. Kugusa mapigo kwa kidole juu ya mguu uliovimba hakutoshi. Dakika chache za Dopla ndizo zitakazoamua kama mama anabanwa, anafyonzwa, au anapelekwa kwingine.

Sasa mashine yenyewe, kwa sababu ndiyo uliyoulizia.

Kidonda kinasafishwa hadi tishu zilizokufa ziishe. Sponji safi inakatwa kwa umbo la kidonda, inalazwa ndani, juu yake inabandikwa plastiki nyembamba yenye gundi inayoziba hewa kabisa. Inatobolewa tundu, mrija unaunganishwa na pampu, na pampu inavuta hewa hadi milimita 125 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Kwa mgonjwa mwenye maumivu makali tunashusha hadi 75 au 80. Maji yanakusanyika kwenye kopo. Kingo za kidonda zinavutwa zikaribiane, kitanda cha kidonda kinabaki na unyevunyevu, na matundu ya sponji yanaivuta nyama kidogokidogo kiasi cha kuzichochea seli zigawanyike. Baada ya siku mbili au tatu sponji inatolewa na kuwekwa mpya. Kidonda kilichokuwa cha njano na kilegevu unakikuta chekundu, chenye vijipunje vya nyama mpya. Ukiona mara ya kwanza unashawishika kwamba umepata dawa ya kila kitu.

Mfumo huu kama tunavyoujua leo ulitoka kwa Louis Argenta na Michael Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina, Marekani, waliochapisha kazi yao mwaka 1997 baada ya kujaribu kwanza kwa nguruwe. Tangu hapo mashine imetumika kwa majeraha ya ajali, tumbo lililoachwa wazi baada ya upasuaji, vidonda vya mgongo, na nyayo za wenye kisukari. Huko ushahidi upo, ingawa nao una mabonde. Jaribio la Marekani la mwaka 2005 kwa watu 162 waliokatwa sehemu ya wayo kwa sababu ya kisukari lilipata asilimia 56 waliopona kwa mashine dhidi ya 39 kwa tiba ya kawaida. Miaka 15 baadaye jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 368 wa nyayo za kisukari halikuona mashine ikishinda.

Kwa kidonda kama cha mama yako ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2015 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio yote yaliyostahili kuhusu mashine hii na vidonda vya miguu, wakaambulia moja tu, la Uholanzi, lenye wagonjwa 60. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa hospitali, na makundi yote mawili yalipandikizwa vipande vya ngozi. Kundi la mashine kidonda kilikuwa tayari kupokea ngozi baada ya siku 7, kundi la pili siku 17. Kupona kabisa ilikuwa siku 29 dhidi ya 45, ukichukua mgonjwa wa katikati. Ni tofauti nzuri, siipuuzi. Lakini soma tena: kitanda cha hospitali, ngozi ya kupandikiza, halafu mashine. Hakuna aliyekodishiwa mashine mwezi mzima akarudi nayo kwenye karai la samaki. Na ulipopita mwaka, vidonda vilirudi kwa makundi yote mawili bila tofauti ya kueleweka, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa vena zilikuwa zilezile.

Hapo ndipo msimamo wangu unapotoka. Mashine inaandaa kidonda. Inakifikisha mahali pa kupandikizwa ngozi, na baada ya kupandikiza inaishikilia ile ngozi isiteleze kwa siku nne au tano za mwanzo. Ukiniambia hospitali imepanga kumlaza mama, kumsafisha kidonda, kuweka mashine wiki moja au mbili, kupandikiza ngozi, kisha kumbana mguu, nitakuambia mpango una kichwa na miguu, na hapo mnaweza kuzungumza habari ya fedha. Mkiambiwa mashine tu, mwezi, nyumbani, bila kubana na bila tarehe ya kupandikiza, mnanunua mwezi mmoja wa kidonda kisafi.

Kuna hatari nazo ni lazima uzijue kabla mtu hajasaini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2009 na kulirudia 2011, baada ya kupokea taarifa za vifo 12 na madhara 174 katika miaka michache. Kilichoua zaidi ni kuvuja damu. Mtu anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, au hata aspirini ya kila siku, awekewe kwa tahadhari kubwa. Kopo likianza kujaa damu nyekundu ghafla, mashine inazimwa palepale, kidonda kinakandamizwa kwa mkono, safari ya hospitali inaanza bila kungoja mtu apige simu kuuliza. Pia haiwekwi juu ya tishu nyeusi iliyokufa, wala juu ya mfupa wenye maambukizi yasiyotibiwa, wala juu ya mshipa mkubwa au neva iliyo wazi, wala juu ya saratani.

Halafu kuna hili ambalo wengi wetu tulilielewa kinyume. Kwa kuwa inaitwa tiba ya shinikizo hasi, tulidhani nyama iliyo chini ya sponji inapata nafasi ya kupumua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha mwaka 2009 kwamba ndani ya nyama shinikizo linapanda: sponji inapovutwa inaikandamiza. Kwenye mguu wenye damu ya kutosha haina shida. Kwenye mguu wenye ateri zilizoziba, hasa sponji ikizunguka mguu mzima, unaweza kuinyima nyama hata ile damu kidogo iliyobaki. Kwa hiyo kipimo cha Dopla kinahitajika hata kama mtachagua mashine. Hospitali inayotaka kuiweka bila kupima inanitia wasiwasi.

Nyumbani kuna mambo madogo yanayoharibu kila kitu. Sponji ikikaa bila kufyonzwa zaidi ya saa mbili kwa siku inageuka kitambaa kilicholowa usaha na kuzibwa kwa plastiki. Vijidudu havitaki zaidi ya hapo. Umeme ukikatika jioni na betri imeisha, nani atatoa sponji usiku, asafishe, afunge kwa gozi yenye maji ya chumvi ya hospitali? Nani atakuja kubadilisha mara tatu kwa wiki? Nimewahi kuvuta kipande cha sponji kilichosahaulika hadi nyama ikakiotea. Tangu hapo kila mtu kwenye timu yetu anaandika idadi ya vipande juu ya plastiki kwa kalamu ya wino, na anayebadilisha anahesabu. Na muulize aliyewatajia bei: ni ya mashine peke yake, au na sponji, plastiki na makopo ya mwezi mzima? Hivyo vya kutumia na kutupa ndivyo vinavyokula fedha.

Zipo ndogo za mfukoni, za kutumia wiki moja na kutupa, zinazovuta milimita 80 bila kopo. Maji yananyonywa na bandeji yake na kuyeyukia hewani. Jaribio la mwaka 2019 lenye wagonjwa 161 wa vidonda vya vena na vya kisukari lilizipa alama nzuri kuliko zile kubwa, ila mtengenezaji ndiye aliyeligharamia, na kidonda kinacholowesha mashuka kama unavyonieleza kingezishinda nguvu.

Huenda pia mkaambiwa na hospitali ya serikali kwamba wanaweza kutengeneza yao: sponji ya kawaida iliyochemshwa kwa mashine ya kuua vijidudu, mpira wa kulishia wagonjwa, plastiki ya gundi, na mashine ya kufyonzea ya wodini. Inafanyika, na nimeona ikiokoa miguu. Kuna hata aliyefika mbali zaidi kwa wazo hilo: Danielle Zurovcik, akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitengeneza kipampu cha plastiki kinachokunjwa na kukunjuka kwa mkono, bila umeme, akakipeleka Haiti baada ya tetemeko la 2010, na baadaye kazi hiyo ikaendelea Rwanda. Sharti langu kwa za kujitengenezea ni moja: zibaki wodini, mbele ya muuguzi. Mashine ya wodini imeundwa kuvuta makohozi na damu ya upasuaji, inaweza kuvuta kuliko inavyotakiwa mara kadhaa, na haina kengele ya kukuambia mgonjwa anavuja. Asije mtu akajaribu nyumbani.

Nirudi kwenye kinyama cha maabara, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu barua yako. Kidonda kilichokaa miaka kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Si kawaida, lakini hutokea, na kinavyogeuka hakipigi hodi. Dalili zake ni kingo zilizonyanyuka na kukunjamana, nyama inayoota juu kuliko ngozi na kutoa damu ukiigusa, harufu iliyobadilika, maumivu mapya, au tezi kwenye kinena. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote isipokuwa kukataa kupona. Kidonda ambacho kimetibiwa ipasavyo miezi mitatu bila kupungua kinastahili kukatwa vinyama kutoka kwenye kingo zaidi ya sehemu moja, na cha mama yako kimepita muda huo siku nyingi. Ni ganzi ya sindano na dakika chache. Maabara hiyohiyo itaona pia kama kuna kifua kikuu cha ngozi au ugonjwa mwingine unaojifanya kidonda cha kawaida. Ukifyonza saratani kwa sponji unailisha. Kwa hiyo jibu la maabara litangulie mashine, bila mjadala.

Na kwa wasomaji wengine wenye vidonda vya mguu: kama mgonjwa ni kijana na ana selimundu, au ni mtoto mwenye kidonda kisichouma chenye kingo zilizochimbika kwa ndani, haya ninayoyasema kuhusu vena hayamhusu. Huyo wa pili anaweza kuwa na kidonda cha Buruli, ugonjwa uliochukua jina la eneo la Uganda, na tiba yake ni antibayotiki za wiki nane, si bandeji.

Turudi Tanga. Amlodipine. Hiyo dawa ya presha kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu, na mguu uliokwisha kuwa na vena mbovu hauhitaji msaada wa kuvimba. Asiiache mwenyewe, presha haina mchezo. Aende kwa daktari aliyemwandikia aulize kama kuna nyingine inayomfaa. Nimeona uvimbe ukishuka kwa badiliko hilo tu.

Unga wa kapsuli na mrututu viishe leo. Unga unaota ganda juu ya kidonda, unafundisha vijidudu kuizoea dawa, na ngozi ya namna hiyo ni nyepesi kupata mzio. Mrututu unaunguza nyama mpya. Spiriti na peroksaidi vilevile. Asali haina ubaya mkubwa, ila haijawahi kushinda bandeji ya kubana. Osheni kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni isiyo kali kwenye ngozi ya pembeni. Pakeni mafuta mazito kwenye ngozi inayozunguka ili maji ya kidonda yasiichubue, wekeni gozi isiyong'ang'ania, na juu yake pamba nene ya kunyonya. Antibayotiki za kumeza ni za pale ngozi inapokuwa ya moto, uvimbe unapanda, ana homa au maumivu yameongezeka ghafla. Kidonda kutoa maji na harufu kidogo peke yake hakuhitaji vidonge. Muulizeni pia kama amechanjwa pepopunda. Kidonda kama hiki ni njia yake.

Dopla ikitoa jibu zuri, anayemfunga awe amefundishwa. Mguu unakunjwa kifundoni kama mtu aliyesimama, bandeji inaanzia kwenye shina la vidole, inafunika kisigino kabisa, inapanda hadi chini kidogo ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Chini yake inatangulia pamba laini, nene zaidi pale mfupa unapochomoza, kwa sababu mvuto uleule wa bandeji unabana zaidi kwenye sehemu nyembamba. Krepu moja peke yake inalegea kabla ya jioni. Ndiyo maana zinafungwa tabaka mbili hadi nne. Siku za mwanzo kidonda kitatoa maji kwa wingi, bandeji italowa mapema, mama atalalamika. Vumilieni. Ila vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikipata ganzi, au maumivu yakizidi akiinua mguu, fungueni papo hapo. Na hata siku atakayowekewa mashine, bandeji inaweza kupita juu ya sponji na plastiki. Mrija tu ndio uwekewe kipande cha pamba chini yake usimchimbe.

Kazi yake sitaki aiache, najua ndiyo inayolisha nyumba. Akaange ameketi kwenye kiti kirefu, atembee kila baada ya muda, achezeshe kifundo juu na chini hata akiwa amekaa. Akipumzika alaze mguu juu kuliko kifua. Kuuweka kwenye kigoda akiwa ameketi hakusaidii sana. Chakula cha kujenga mwili hana shida nacho, samaki anao.

Na vena zenyewe? Zinatibika. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2018, lenye wagonjwa 450 wote wakibanwa miguu, lilionyesha kwamba waliozibwa vena mbovu mapema kwa njia ya mrija au sindano walipona kwa siku 56 dhidi ya 82, na ndani ya wiki 24 walikuwa wamepona asilimia 85.6 dhidi ya 76.3. Walikuwa na vidonda vya chini ya miezi sita, kwa hiyo usimpigie mama hesabu hizo hizo. Chake kitachukua muda mrefu zaidi. Lakini ona hata lile kundi la bandeji pekee lilivyofanya. Jaribio jingine la hukohuko, 2004, lilipata kwamba upasuaji wa kawaida wa vena haukuharakisha kupona, ila ulipunguza kurudi kwa kidonda ndani ya mwaka kutoka asilimia 28 hadi 12. Kwa mtu ambaye kidonda chake kimerudi mara mbili, takwimu hiyo ndiyo ningeibandika ukutani. Kama kaka ana nia ya kutoa fedha kubwa, ziwekwe kwa ajili ya upasuaji huo, ultrasaundi ya vena ikishaonyesha kwamba unamfaa, na kwa soksi za kubana atakazovaa maisha yake yote baada ya kupona.

Wiki hii mpeleke hospitali ya rufaa, ombeni vitu viwili kwa majina yake: kipimo cha Dopla cha mkono na kifundo, na biopsi ya kingo za kidonda, yaani kile kinyama cha maabara. Mchukue picha ya kidonda kabla hajafungwa, rula ikiwa pembeni, kisha picha nyingine kila wiki kwa umbali uleule na mwanga uleule. Baada ya wiki nne za kubanwa vizuri, ukubwa ukiwa umepungua kwa karibu nusu, endeleeni na msibadilishe kitu. Ukiwa haujasogea, na maabara imesema hakuna saratani, basi niandikie tena pamoja na picha hizo na jibu la Dopla la miguu yote miwili, tuzungumze kuhusu mashine na ngozi ya kupandikiza.